Mikopo ya simu Kilosa na Mikumi: dhamana ni aibu yako

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kwa njia ya simu bila leseni, ikawaonya wananchi wasijihusishe nazo. Kwa siku chache jambo hilo lilizungumzwa kila mahali, vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp. Kisha likapoa. Mikopo yenyewe haikupoa. Matangazo ya "pata pesa ndani ya dakika tano" yanaendelea kupita Facebook, Instagram na TikTok, majina yakibadilika, na wanaobonyeza ni majirani zetu wa Kimamba, Rudewa, Ulaya, Kidodi na Mikumi mjini.

Kabla hatujaendelea, tuseme tunaposimama. Sisi ni wapenzi wa simu na vilivyomo ndani yake. Tunaamini simu imelifanyia jimbo na wilaya hii mambo ambayo barabara na ofisi hazikuwahi kuyafanya. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mzazi wa Zombo halazimiki tena kumpa dereva wa basi bahasha ya ada ya mtoto aliyeko Morogoro. Tangu treni za SGR zilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, mtu wa Kilosa anaweza kukata tiketi akiwa amekaa kwake na kulipia kwa namba ya malipo. Hayo ni maendeleo, na hatuna haya kuyasifia.

Ndiyo maana suala la mikopo ya simu linatuuma. Hapa teknolojia ileile nzuri imegeuzwa kuwa mtego, na wanaonaswa si wajinga. Ni watu wenye shida ya leo na mapato ya kesho kutwa.

Programu hizi zinafanyaje kazi

Mkopeshaji wa kawaida hukuuliza mambo mawili: una uwezo gani wa kulipa, na utaweka nini rehani. Benki itataka hati ya nyumba au barua ya mwajiri. Mwenye duka atataka kukufahamu. Kikoba kitataka uwe mwanachama mwenye hisa.

Programu ya mkopo haina hata kimoja kati ya hivyo. Haikujui, haijawahi kufika Kilosa, na haiwezi kuja kuchukua kiwanja chako. Kwa hiyo inakopesha kwa kutumia kitu kingine: yaliyomo kwenye simu yako.

Unapoipakua, inaomba ruhusa. Kusoma ujumbe mfupi. Kuona orodha ya majina. Kuona picha. Kujua ulipo. Kisha inaomba namba ya NIDA na picha ya uso. Wengi wetu hubonyeza "ruhusu, ruhusu, ruhusu" kama tunavyoruka matangazo ya biashara. Lakini kila ruhusa ina kazi yake.

Ujumbe mfupi ndio daftari lako la fedha. Kila ulipopokea au kutuma pesa, mtandao ulikuandikia ujumbe wenye kiasi, tarehe, jina la uliyemtumia na salio. Programu ikisoma ujumbe wa miezi sita, inajua unaingiza kiasi gani, siku gani, na unaishiwa lini. Kwa mkopeshaji halali, taarifa hizo zinaweza kumsaidia kupima uwezo wako. Kwa mkopeshaji asiye halali, zinamwambia siku uliyo dhaifu zaidi.

Orodha ya majina ni jambo jingine kabisa. Haina msaada wowote katika kupima uwezo wa mtu kulipa. Mwenye majina 900 kwenye simu si tajiri kuliko mwenye majina 90. Orodha hiyo inachukuliwa kwa ajili ya siku utakayochelewa.

Hesabu ambayo skrini haikuonyeshi

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wa aina inayolalamikiwa sana. Unaomba shilingi 50,000. Programu inakuambia mkopo umekubaliwa. Pesa ikiingia unakuta 35,000. Ile 15,000 imekatwa mbele kwa jina la "ada ya huduma". Baada ya siku saba unatakiwa kurudisha 50,000 kamili.

Kwenye skrini hiyo haionekani kuwa riba. Lakini ulichokopa kwa kweli ni 35,000, na ulicholipia ni 15,000. Hiyo ni karibu asilimia 43, kwa wiki moja.

Sasa linganisha. Kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, kiwango cha juu cha riba ambacho Benki Kuu imekuwa ikikisisitiza ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, shilingi 35,000 kwa mwezi mzima inazaa riba ya shilingi 1,225. Kwa siku saba haifiki hata 300. Mkopaji wa mfano wetu amelipa 15,000.

Mbaya zaidi ni pale siku ya saba inapofika na pesa haipo. Programu nyingi za namna hii hutoa kitufe cha "kuongeza muda". Unalipa 15,000 nyingine, unapewa siku saba nyingine, na deni la 50,000 linabaki palepale. Ukifanya hivyo mara nne, umetoa 60,000 kwa pesa ya 35,000 na bado unadaiwa 50,000. Wengine hukopa programu ya pili kulipa ya kwanza, na ya tatu kulipa ya pili. Ndipo lilipotoka jina ambalo Watanzania wameipa mikopo ya aina hii, iwe ya mtaani au ya simu: kausha damu.

Tatizo la kushindwa kulipa halikuanza jana. Mwaka 2018 CGAP, taasisi ya utafiti wa huduma za fedha iliyo chini ya mwavuli wa Benki ya Dunia, ilichapisha matokeo ya uchunguzi wake Kenya na Tanzania. Miongoni mwa Watanzania waliowahi kukopa kwa simu, asilimia 56 walisema wamewahi kuchelewesha marejesho, na asilimia 31 walisema wamewahi kushindwa kabisa kulipa. Kenya, ambako mikopo ya simu ilikuwa imesambaa zaidi, waliosema wameshindwa kulipa walikuwa asilimia 12. Wakati huo wakopeshaji wengi walikuwa kampuni zinazojulikana. Hali hiyo ilikuwa onyo tosha kwa aliyetaka kusikia.

Aibu kama dhamana

Siku ya nane simu zinaanza. Kwanza kwako. Kisha kwa shemeji. Kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu wa mtoto, mteja wako wa jumla, katibu wa kwaya, mama mkwe. Ujumbe unasema wewe ni mwizi, umetoroka na fedha za watu, na aliyepokea amewekwa kuwa mdhamini wako. Mara nyingine huambatana na picha yako iliyowekewa maneno ya matusi.

Mjini Dar es Salaam mtu anaweza kubadili laini na maisha yakaendelea. Kilosa haiwezekani. Katika kijiji, orodha ya majina iliyo kwenye simu ndiyo jamii yenyewe. Ni watu utakaokutana nao kesho kisimani, gulioni, msibani. Mama lishe wa stendi ya Mikumi akichafuliwa jina kwa wateja wake, hakupoteza heshima peke yake. Amepoteza biashara ambayo ingelipa lile deni.

Kwa hiyo tukisema wakopeshaji hawa hawana dhamana tunakosea. Wanayo, na ni kubwa kuliko hati ya kiwanja: ni aibu. Tena ni dhamana wasiyoitolea risiti. Hata ukimaliza kulipa, majina uliyoyatoa hayarudi. Na wenye majina hayo, ndugu na jirani zako, hawakuulizwa kama wanakubali namba zao zichukuliwe.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mkopaji peke yake. Hata wewe usiyewahi kukopa kwa simu, namba yako inawezekana iko kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, kwa sababu kuna rafiki yako mmoja aliyekuwa na shida Jumanne moja na akabonyeza "ruhusu".

Kilosa si Mikumi

Watu hupenda kusema kwamba wanaokopa hivi hawana nidhamu ya fedha. Tunadhani kuna maelezo bora zaidi, na yako kwenye kalenda.

Tazama Mikumi mjini. Maisha yake yako kwenye barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya hadi Zambia. Malori na mabasi yanasimama, watu wanakula, wanalala gesti, wananunua vitunguu na matunda. Anayeuza chakula au kuendesha bodaboda anaona pesa kila siku. Kwake mkopo wa siku saba, kama bei yake ni ya haki, una mantiki. Anakopa Jumatatu, ananunua mzigo, anauza, analipa kabla ya Jumapili. Shida yake ni gharama, si muda.

Sasa tazama upande wa mashamba. Mkulima wa ufuta anatoa pesa ya kulima na kupalilia miezi mingi kabla ya kuvuna. Pale ufuta unapouzwa kwa mnada kupitia AMCOS, anasubiri pia mnada na malipo kupita. Mkulima wa miwa wa Ruhembe au Kidodi anapeleka miwa kiwandani kwa zamu na kulipwa baadaye. Wa mpunga Tindiga na wa vitunguu Malolo wana misimu yao. Wote hao wana kipato, tena baadhi ni kizuri. Lakini kipato chao kinakuja mara moja au mbili kwa mwaka.

Mkulima huyo akikopa kwa siku saba mwezi Februari, pesa ya kulipia haipo Februari. Haipo Machi. Haipo Aprili. Haihitaji kuwa mlevi wala mzembe ili ashindwe. Mkopo wenyewe umetengenezwa kwa mtu mwingine, mwenye mshahara wa mwezi au biashara ya kila siku, kisha ukauzwa kwake bila kubadilishwa hata kidogo.

Na ni miezi hiyohiyo ya kusubiri ambapo shida huongezeka: ada ya shule Januari, pembejeo, chakula kupanda bei, na mvua za masika zinazoijaza Mkondoa na kuharibu njia na nyumba. Programu haijui haya yote, na aliyeitengeneza hana haja ya kuyajua. Anachojua ni kwamba mwezi huo watu wengi wa eneo lenu wanabonyeza.

Sheria inasema nini

Tanzania haikosi sheria. Inafaa kuzijua, kwa sababu wakopeshaji hawa hutegemea tusizijue.

Ya kwanza ni Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Iligawa watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni mabenki na taasisi zinazopokea amana. La pili ni wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo wa kidijitali. La tatu ni SACCOS. La nne ni vikundi vya kijamii kama vikoba. Hakuna daraja la "programu ya simu isiyojulikana ilipo". Anayekopesha umma kama biashara anahitaji leseni, na mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo mahususi kwa wanaokopesha kidijitali katika daraja la pili. Zile programu 69 zilitajwa kwa sababu hazikukidhi matakwa hayo.

Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 3, 2024. Sheria hii inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali linalojulikana, zisizidi zinazohitajika, na zisitumike kwa jambo jingine. Kuchukua majina 400 ya watu wasiohusika ili uwatukanie mkopaji wako ni kwenda kinyume na yote hayo. Na mwenye haki ya kulalamika si mkopaji tu. Ni pia yule jirani aliyetumiwa ujumbe.

Ya tatu ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inafanya kuwa kosa kumtumia mtu ujumbe kwa njia ya kompyuta au simu kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumtia msongo. Kudai deni ni haki. Kumtisha mtu si njia halali ya kudai.

Na jambo moja lisilo na utata: hakuna anayekuwa mdhamini kwa kuwa tu jina lake limo kwenye simu ya mtu. Mdhamini ni aliyekubali kuwa mdhamini. Ukipokea ujumbe unaosema umewekwa dhamana ya mkopo usioufahamu, hudaiwi chochote.

Kwa nini orodha haitoshi

Orodha ya Novemba 2024 ilikuwa hatua nzuri, na tunaipongeza Benki Kuu. Lakini orodha ya majina ina udhaifu mmoja: jina la programu ni kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha. Unabadili jina, rangi na nembo, unafungua akaunti mpya ya mtengenezaji, umerudi sokoni. Ukifukuzwa kwenye Play Store, unasambaza faili la programu kwa kiungo cha WhatsApp, na simu nyingi za Android zitalikubali mwenye simu akiruhusu.

Wenzetu wa Kenya walipitia njia hii kabla yetu. Kuanzia 2022 waliwataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni ya Benki Kuu yao, na Google ikaanza kudai uthibitisho wa leseni kwa programu za mikopo zinazowekwa kwenye duka lake kwa ajili ya Kenya. Mei 2023 Google ilienda mbali zaidi, ikapiga marufuku programu za mikopo binafsi duniani kote kusoma orodha ya majina na picha za mtumiaji. Septemba mwaka huohuo ofisi ya Kenya ya kulinda taarifa binafsi ilimtoza faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 mkopeshaji mmoja wa kidijitali, kwa kutumia namba za watu wasiohusika kutuma ujumbe wa vitisho. Mikopo mibaya haikuisha Kenya. Lakini kuna tofauti kati ya soko ambalo mkosaji analipa faini na soko ambalo mkosaji anabadili nembo.

Kwa maoni yetu, pa kubana zaidi ni mahali ambapo programu haiwezi kujificha: kwenye njia ya pesa. Programu inaweza kubadili jina kila wiki, lakini kila mkopo unaoingia kwenye simu ya mtu wa Kilosa hupitia M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa au benki. Na kila marejesho hurudi kupitia namba ya malipo iliyofunguliwa na mtu au kampuni kwa nyaraka. Hakuna mkopeshaji wa simu anayeweza kuishi siku mbili bila akaunti hizo. Kampuni ya simu inayokata huduma kwa raia aliyekosea kusajili laini inaweza pia kuuliza swali moja kwa mteja anayetuma maelfu ya mikopo: leseni yako ya Benki Kuu iko wapi?

Tunajua hoja ya upande wa pili. Kampuni za simu zitasema wao ni barabara tu, hawawajibiki na mzigo wa kila gari. Lakini hata barabara ya Mikumi ina mizani. Lori linapimwa kabla ya kuendelea, na hakuna anayesema mizani inaua biashara.

Na ule ulaghai mwingine

Mikopo hii haiji peke yake. Takwimu ambazo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) huzitoa kila robo mwaka zimekuwa zikiutaja mkoa wetu wa Morogoro, pamoja na Rukwa, kuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai kwa njia ya simu. Ni habari isiyopendeza kuisikia mtu akiwa Kilosa, lakini inatuhusu.

Anayedaiwa na programu tatu ndiye rahisi zaidi kuamini ujumbe wa "umechaguliwa kupata mkopo wa serikali, tuma ada ya usajili". Ndiye rahisi pia kushawishiwa na michezo ya "wekeza leo, vuna kesho", kama ile ya LBL iliyoporomoka mapema 2025 na kuwaacha watu wakilia nchi nzima. Deni la haraka humfanya mtu atafute pesa ya haraka, na pesa ya haraka ndiyo biashara ya matapeli.

Njia nyingine zipo

Haitoshi kumwambia mtu mwenye mtoto mgonjwa usiku asikope. Lazima kuwe na mahali pa kukopa.

Kikoba kinabaki kuwa programu bora ya mkopo tunayoijua, ingawa haihitaji bando. Kinajua lini unavuna. Kinajua kama kweli umefiwa. Riba yake hugawiwa wanachama wenyewe mwisho wa mzunguko. Udhaifu wake ni mfuko mdogo, na ukweli kwamba wote huwa na shida mwezi mmoja.

SACCOS na AMCOS zina nafasi ya kufanya kile ambacho programu haiwezi: kukopesha kwa kalenda ya zao. Mkopo unaotoka wakati wa palizi na kulipwa mnada ukipita ni mkopo unaolipika. Kinachokosekana mara nyingi ni kasi. Mwanachama akisubiri kikao cha wiki tatu, programu imeshamjibu ndani ya dakika tano. Tungependa kuona vyama hivi vikiazima kutoka kwa programu kitu kimoja tu kizuri walicho nacho, yaani fomu fupi kwenye simu na jibu la siku hiyohiyo.

Ipo pia mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu, ikarejeshwa Julai 2024. Kwa kawaida ni ya vikundi, na si ya dharura, lakini kwa mama lishe watano wa stendi wanaotaka mtaji ni bora mara mia kuliko kitufe cha "omba sasa". Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Na huduma za kukopa zinazotolewa na kampuni za simu kwa ushirikiano na mabenki ni halali, ingawa si rahisi kwa bei. Faida yake ni kwamba gharama huonyeshwa kabla hujakubali, kuna ofisi ya kulalamikia, na hakuna anayempigia mama mkwe.

Kabla hujabonyeza, na kama umeshabonyeza

Kabla ya kupakua, hakikisha jina la kampuni, si jina la programu tu, limo kwenye orodha ya waliopewa leseni ambayo Benki Kuu huiweka kwenye tovuti yake. Programu isiyosema inamilikiwa na nani imeshajibu swali lako.

Ikiomba kuona orodha ya majina au picha, kataa. Ikigoma kuendelea bila ruhusa hiyo, ifute. Mkopeshaji wa kweli hahitaji namba ya shangazi yako.

Piga hesabu kwa pesa iliyoingia, si iliyoandikwa. Toa ulichopokea kwenye unachotakiwa kurudisha. Tofauti hiyo ndiyo bei, hata wakiipa jina gani.

Kama umeshaingia, nenda kwenye Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa, uzizime. Haitarudisha yaliyochukuliwa, lakini itazuia mapya. Usikope programu nyingine kulipa hii, na usilipe "ada ya kuongeza muda" bila kupunguza deni lenyewe.

Hifadhi ushahidi: picha za skrini, namba zilizopiga, kiasi kilichoingia na tarehe. Vitisho na matusi viripoti polisi. Matumizi ya taarifa zako yapeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mkopeshaji asiye na leseni mripoti Benki Kuu. Namba za matapeli zitume TCRA kupitia 15040. Na piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa kuwa namba ya NIDA uliyoijaza kwenye programu inaweza kufanya kazi usiyoituma.

Waambie mapema watu wako. Hili ni gumu, lakini ndilo linalovunja nguvu ya mkopeshaji. Ujumbe wa matusi unamkuta mwenyekiti wa kitongoji akiwa ameshajua, na aibu iliyotarajiwa haipatikani.

Na kwa sisi tunaopokea ujumbe kuhusu mtu mwingine, wajibu ni mdogo na mwepesi: tusiusambaze. Anayeutuma hana gari la kufika Kilosa, hana wakala Ulaya, hana mgambo Mikumi. Anatutegemea sisi tufanye kazi yake, kwa kucheka na kutuma mbele. Tukiacha kuutuma mbele, dhamana yake inaishia kwenye simu yetu.